Kiraka Asiye na Sare

Jana usiku, meno yakiwa bado yananivuta kwa dawa ya kuyang'arisha, niliota niko sebuleni kwa Mzee Semkiwa, nimekwenda kumposa binti yake Sikudhani. Mshenga nilimkataa mwenyewe. Nilisema meno yangu yatajisemea.

Basi yakajisemea. Yanatoka mdomoni moja moja, yamevaa sare nyeupe, yanajipanga kwenye kochi. Chonge amesimama mlangoni anakagua nguo. Wa mwisho kufika ni Kiraka, yule niliyezibiwa naye jino la mbele lililomeguka nilipofungulia soda kwa meno. Amevaa rangi yake ya siku zote, rangi ya chai ya maziwa.

"Sare yako iko wapi?" Chonge anauliza.

"Dawa haikunishika. Mimi nilichanganyiwa rangi nifanane na nyinyi. Mliobadilika ni nyinyi."

Mimi nikamfukuza. Mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, namwonea haya mdudu asiyefika punje ya mchele. Kiraka akaondoka bila kununa. Wenzake wakarudi mdomoni, pengo likabaki.

Mzee Semkiwa ananiuliza nimefuata nini. Najibu nimekuja kuposa, lakini upepo unapita pengoni, neno linatoka "kupoza".

"Karibu, mwanangu," anasema. Sebule imeshageuka jiko la shughuli, na mbele yangu pana sufuria la chai ya tangawizi la kutosha mtaa mzima. "Poza. Ikipoa tutazungumza."

Nikapuliza. Mvuke ukaingia mdomoni, na wale weupe, ambao tangu dawa hawavumilii moto wala baridi, wakakimbilia nyuma ya ulimi wakilia. Sikudhani anachungulia dirishani, anamtazama mchumba wake akipuliza sufuria. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwita Kiraka, nikamwomba radhi mbele za watu.

"Nitarudi," akasema, "ila nguo sibadilishi."

Nikakubali. Akaketi mahali pake, nikafungua mdomo niseme neno langu, nikaamka.

Kwenye kioo meno yalikuwa meupe pe, na katikati yao Kiraka, rangi ileile. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Sikudhani: "Baba kaamka anauliza eti chai imeshapoa? Mimi sijamwelewa. Wewe umemwelewa?"

Nikaandika: "Mwambie imepoa. Nakuja kuposa." Nikausoma ujumbe herufi kwa herufi kabla ya kuutuma.