Mtelezo wa Nangwa

Jumamosi ya ufunguzi, saa nne asubuhi, mtoto wa kwanza alipanda ngazi thelathini na mbili za mtelezo, akakaa, akajisukuma, akafika katikati, akasimama. Loveness, msimamizi wa zamu, alimpigia makofi ashuke. Wapi! Hakuna kilichomshika, na bati lilikuwa limepakwa nta mara mbili.

"Kuna mtu anasema nimsalimie," mtoto alisema.

"Basi msalimie, wenzako wanasubiri."

"Shikamoo."

"Marahaba," sauti ya mzee ilijibu kutoka ndani ya kilima kilichobeba mtelezo. "Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo," alijibu mtoto, ambaye baba yake ni karani wa benki na hana hata kuku. Akateleza hadi chini.

Verediana, aliyeubuni mtelezo huo, aliandika kwenye daftari: sekunde ishirini badala ya sita. Kubuni michezo ya watoto ndiyo kazi yake, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alianza Maretadu kwa kuning'iniza tairi la trekta kwenye mti wa shule, akachomelea pembea za watoto wanaosindikiza wagonjwa hospitali ya Haydom, kisha akahamia kwenye mahoteli ya Arusha. Bustani hii ya Nangwa ndiyo ya kwanza kuandikwa jina lake getini, na jamani, alilitaka jina lile kuliko alivyowahi kutaka kuolewa.

Kilima alikikuta pale pale. Maximilian, mwenye bustani, alimwambia ni kifusi cha watengeneza barabara. Verediana alikipima: udongo umeshindiliwa tabaka kwa tabaka, miti imelazwa katikati usibomoke. Alikisifu sana, akalaza bati lake juu, akaokoa saruji. Ni kifusi gani hushindiliwa hivyo, hakuuliza.

Jumatatu alikuja Gidahosh, mfugaji mwenye mvi, lubega begani na fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Huyo mnayemtelezea ni baba yangu. Tulimjengea kaburi miezi tisa, ukoo mzima, kila siku udongo kidogo. Mzee wa heshima hapandwi mgongoni."

"Mzee wangu, sikujua."

"Umesomea kujenga, hukusomea kuuliza?"

Verediana aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Jioni ile alichora mchoro mpya, mtelezo ukihamia upande wa kusini juu ya nguzo za chuma, akampelekea Maximilian.

"Dada, huo wa nguzo utaitikia shikamoo?" Maximilian aliuliza. Mabasi yalikuwa yameanza kuja kutoka Babati, yamejaa watu wanaotaka kuitikiwa. "Mtelezo unabaki. Kama hutaki, nitafuta jina lako getini na kazi itaendelea."

Verediana aliukunja mchoro, akautia mkobani. Alijichukia njia nzima hadi nyumbani. Jina lilibaki.

Gidahosh aliruhusiwa kuingia kama watu wengine, kwa tiketi. Jumapili alipanga foleni nyuma ya watoto wa kipaimara, akapanda ngazi, akavua katambuga zake, akateleza hadi katikati, akasimama.

Yeye na baba yake walizungumza Kidatoga. Mzee aliuliza habari za ng'ombe, mmoja mmoja kwa jina, na Gidahosh akajibu kwamba huyu yuko malishoni, amenona. Na huyu naye amenona. Na yule amezaa. Hakumwambia kwamba malisho yenyewe ndiyo haya yaliyozungushiwa uzio, na kwamba ng'ombe waliishia mnadani Katesh. Mzee aliendelea kuuliza. Walikuwa wengi.

Juu ya ngazi, watoto kumi na wanne walianza kupiga kelele. Loveness alimtazama Verediana, kwa sababu kanuni ya muda wa kila mtu kwenye bati aliiandika yeye. Verediana aliangalia saa yake, akaitikia kwa kichwa. Loveness akapuliza kipenga.

Walikuwa wamefikia fahali mweusi. Gidahosh aliomba ruhusa kwa baba yake, akateleza hadi chini, akakung'uta lubega lake, akaenda kupanga foleni tena.