Gia ya Mkono

Mtaa mzima wa Pissy, jijini Wagadugu, ulijua kwamba Mama Rasmata ndiye mwanamke wa kwanza pale kumiliki pikipiki. Mgeni ambaye hakujua aliambiwa na Mama Rasmata mwenyewe kabla hajamaliza maji ya kukaribishwa. Haikuwa ya mume, haikuwa ya kaka. Aliinunua kwa saladi, majani ya saladi aliyoyalima kando ya bwawa la Boulmiougou na kuyapeleka sokoni alfajiri kwenye kapu pana kuliko mlango, huku wanaume wa baiskeli wakimpisha njia. Ilikuwa Yamaha nyekundu, zile za kike ambazo Wagadugu nzima iliziita Dame. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiiomba kwa adabu kila Ijumaa, na si kila Ijumaa alipewa.

Kisha kisukari kikaja kikachukua mguu wa kushoto, chini ya goti. Hospitali wakampa mguu wa bandia. Ulikuwa mguu mzuri, ulisimama imara, ila kifundo chake hakikukunjika. Na gia ya Dame iko chini ya mguu wa kushoto, inakanyagwa kwa vidole kwenda mbele na kwa kisigino kurudi nyuma. Mguu usiokunjika haubadilishi gia. Pikipiki ikasukumwa nyuma ya jiko, ikafunikwa bati, kuku wakatagia kwenye kiti, na Mama Rasmata akakaa barazani. Watoto wake wakubwa walijaribu kumbeba nyuma kwenye pikipiki zao. Alipanda mara moja tu, akashuka amenuna.

"Mimi si gunia la mtama," alisema, na mambo yakaishia hapo.

Binti yake Talato ndiye kitinda mimba. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi magari kwenye gereji moja kule Gounghin, na alikuwa na mikono mizuri kiasi kwamba watu walileta magari yaliyogongwa wakaondoka wakiuliza yaligongwa wapi. Msimu mmoja wa harmatani, ule upepo wa vumbi kutoka jangwani, alifunua lile bati, akafukuza kuku, akaisukuma Dame hadi uani mbele ya baraza.

"Nitaifufua, mama."

Mama yake aliitazama ile takataka yenye kutu kwa muda mrefu. "Ifufue," alisema. "Lakini irudi kama ilivyokuwa. Usikate chuma, usiongeze chuma. Nataka isimame hapa barazani, na kila anayepita ajue nilikuwa nani."

Talato aliitikia. Neno lile "nilikuwa" lilimfuata hadi gereji. Yeye hakutaka mama yake awe mtu wa "alikuwa". Alimtaka barabarani.

Kazi ikaanza, na tusidanganyane, mwenye kazi alikuwa Talato lakini mwenye amri alikuwa barazani. Kila jioni akitoka gereji alitandaza gunia uani, akafungua nati zilizogandana, akachemsha kabureta, akabadilisha ringi za pistoni, akang'arisha spoki moja moja kwa msasa na majivu. Mama alikaa na bakuli lake la zomkom, akinywa ule uji baridi wa tangawizi kidogo kidogo, akikosoa. Taa ilikuwa juu zaidi. Kioo cha kulia hakikuwa cha duara. Rangi ndiyo iliyowatoa jasho. Talato alichanganya nyekundu ya kwanza, akapaka kwenye kipande cha bati, akapeleka barazani.

"Hiyo ni nyanya bichi," mama alisema.

Akachanganya nyingine.

"Hiyo ni ya zimamoto. Mimi nilikuwa naungua?"

Ilipopatikana nyekundu yenyewe, Mama Rasmata hakutafuta kosa. Alikishika kile kipande cha bati, akakipakata. Talato akajua amefika, akapaka tangi, madigadi na ile kinga ya miguu ya mbele iliyo pana kama beseni, akasugua, akapaka tena. Ilipokauka ungeweza kujitazama ndani yake na kujipaka wanja. Alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Ilibaki mguu wa kushoto.

Hapo ndipo aliposhirikishwa Zerbo. Zerbo alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa milango ya chuma na vitanda, karakana yake ng'ambo ya barabara. Yeye ni Msamo, na Mama Rasmata ni Mmosi, kwa hiyo ni watani, na utani wa Wamosi na Wasamo hauna likizo. Mtani huchukua anachotaka, husema anachotaka, na kumkasirikia ni aibu ya ukoo mzima. Kila asubuhi Zerbo alisimama mbele ya karakana yake akapaza sauti:

"Kijakazi wangu, umeamka? Nani amekuruhusu ulale mpaka saa hizi?"

Na kutoka barazani: "Mla mbwa wewe! Nimesikia mtaani hakuna kinachobweka tangu jana. Umeshiba?"

Mama Rasmata alipokatwa mguu, watu walikwenda hospitali na nyuso ndefu, wakisema pole, wakisema mipango ya Mungu. Zerbo aliingia wodini akamdaka daktari mlangoni. "Huyu mtumwa ni wangu," alimwambia. "Mguu wangu mmeuweka wapi? Nimekuja na sufuria." Daktari aliduwaa. Mama Rasmata akacheka mpaka nesi akaja kumshika, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza tangu alazwe.

Talato alivuka barabara na mchoro aliouchora kwenye kipande cha boksi. Fimbo ya chuma itoke kwenye mhimili wa gia, ipande kando ya injini, ipenye kinga ya miguu, imalizike na kishikio karibu na goti la kushoto. Ukisukuma, gia inaingia. Ukivuta, inarudi. Dame haina klachi ya mkono, kwa hiyo mkono wa kushoto hauna kazi nyingine.

Zerbo aliutazama mchoro. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Alikuambia usikate."

"Aliniambia, mzee."

"Basi utapigwa," Zerbo alisema, akavaa miwani yake ya kuchomelea. "Nipe kipimo."

Fimbo ilikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa kuitoboa ile kinga. Talato alisimama uani na msumeno mkononi, mama yake akiwa ndani anaswali, akaitazama ile rangi aliyoisumbukia. Katika maisha yake ya gereji kazi yake ilikuwa kuziba matundu, na sasa alitakiwa kutoboa tundu kwenye kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alikata. Aliusugua ukingo wa tundu ukawa laini, akaupaka rangi, akafunga fimbo, akaitundika kanga kuukuu juu yake. Alikuwa ameijaribu nyuma ya karakana ya Zerbo. Gia ziliingia bila kelele.

Jumapili majirani walikusanyika. Mama Rasmata alitoka amevaa gauni lake la kitenge cha sherehe na kilemba kirefu, akiegemea mkongojo. Dame ilisimama katikati ya uani, nyekundu, taa zake zinang'aa juani. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama aliizunguka polepole, akagusa tangi, akagusa kiti, akajitazama kwenye kile kioo cha kulia, ambacho sasa hakikuwa cha duara tena.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Jamani, ndiyo yenyewe."

Kisha akaivuta ile kanga.

"Hii nini?"

"Gia, mama," Talato alisema. "Ya mkono. Ili uweze—"

"Nilikuambia nini?"

Mama yake akainama, akatia kidole kwenye tundu la kinga, akakizungusha.

"Umenitengenezea pikipiki ya kilema," alisema taratibu. "Mimi sijawahi kupanda pikipiki ya kilema." Akageuka, akarudi barazani, akakaa, akaangalia ukuta.

Majirani wakaanza kutafuta ndala zao. Talato alisimama pale na vidole vyake vyenye rangi nyekundu kwenye kucha, msimu mzima wa jioni zake umegeuka kosa.

Hapo ndipo Zerbo alipoingia, kama kawaida yake, bila hodi. Akainua mguu, akakaa kwenye kiti cha Dame, akashika usukani, akajikohoza.

"Vizuri," alisema. "Mtumwa akishindwa kutumia kitu, kitu kinarudi kwa bwana wake. Sheria ni hiyo. Nimekuja kuchukua mali yangu." Akaiondoa Dame kwenye stendi. "Nitaipaka rangi ya kijani. Nitaitumia kuwabeba mbwa wangu kwenda kuchinjwa."

Siku nyingine yoyote Talato angemjibu. Angesema mbwa watamkimbia, angesema suruali yake itachanika. Lakini alikuwa amechoka na ameumia, na Zerbo alikuwa anaisukuma kweli kwa miguu kuelekea mlango wa ua.

"Shuka!" alipiga kelele, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Shuka kwenye pikipiki yangu, mzee, kabla sijakufanyia kitu kibaya!"

Mwanamke mmoja alijiziba mdomo. Mmosi amemkasirikia Msamo, kwa sauti, mbele za watu, kwenye ua wa mama yake! Zerbo mwenyewe aliduwaa, mikono ikabaki kwenye usukani, akamtazama yule binti aliyemjua tangu anatambaa. Talato alitamani ardhi impokee. Alifungua kinywa aombe radhi.

"Yako?"

Sauti ilitoka barazani. Mama Rasmata alikuwa amesimama.

"Pikipiki yako tangu lini, Talato?"

"Mama, mimi nilitaka tu kusema—"

"Umeshamtia aibu babu yako kaburini, sasa unataka kuniibia na pikipiki. Nyamaza." Akashuka ngazi za baraza, mkongojo unagonga saruji. "Msamo haambiwi shuka. Wewe hukufundishwa? Ah, kosa langu. Msamo anaswagwa. Hivi."

Akainua mkongojo, akamchapa Zerbo matakoni. "Swa! Toka hapo! Mla mbwa, mwizi wa mifupa, nani alikuambia Mmosi ameshindwa? Mtumwa ni wewe, na baba yako, na hicho kitambi chako!"

"Kijakazi ananipiga!" Zerbo alilia kwa furaha, akiruka chini. "Mashahidi mpo! Ananipiga na mguu mmoja!"

"Ungekuwa na akili ungeogopa wa pili!"

Watu wakaangua kicheko, na heshima ya nyumba ikarudi mahali pake. Lakini Mama Rasmata hakucheka. Alikuwa ameshika usukani, na pikipiki ilikuwa imemwegemea, na hakuna mtu mwingine aliyeishika. Alimpa Talato mkongojo bila kumtazama. Akapitisha mguu wa bandia, akakaa. Mguu wa kulia ukatafuta kiki wenyewe, kama ulivyokuwa ukifanya kila alfajiri, ukaikanyaga mara moja, ya pili, na Dame ikanguruma na kutoa moshi wa bluu.

Mkono wake wa kushoto ulishuka polepole hadi kwenye kishikio. Ukasita pale. Ukasukuma.

Akatoka mlangoni.

Wote walikimbilia barabarani, lakini vumbi lilikuwa limeshamfunika, wakabaki kusikiliza. Injini ilipanda, ikapumua kidogo, ikapanda tena.

"Namba mbili," Zerbo alinong'ona.

Ikapumua tena.

"Tatu! Mtoto wewe, ameingiza tatu!" Akamshika Talato mabegani akamtikisa. "Mzee, nisamehe," Talato alikuwa akisema, "nisamehe yale maneno," na Zerbo hakumsikia, au alijifanya hasikii.

Walingoja. Kaka mmoja wa Talato akataka kumfuata, wanawake wakamzuia. Hatimaye mlio ukarudi, safari hii kutoka upande wa pili wa mtaa, upande wa bwawa. Mama Rasmata alikuja amenyooka mgongo, kilemba kimelegea, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Alisimamisha Dame mbele ya binti yake. Hakuizima.

"Hiki kishikio kiko chini mno," alisema. "Nainama kama mtu anayetafuta sindano. Kesho ukate, uunge kingine kirefu."

"Ndiyo, mama."

"Na hilo tundu lipanue kidogo. Chuma kinagusa."

"Ndiyo, mama."

Mama Rasmata akawageukia majirani, akatumia ile sauti yake ya sokoni, iliyokuwa ikisikika hadi kwa wauza nyama. "Mnamwona huyu? Pikipiki kama hii hamtaipata Wagadugu yote, na aliyeitengeneza ni huyu. Nimemzaa mimi!"

Talato alilia mbele za watu wote na hakuona haya. Mama yake hakuyaona machozi hayo, kwa sababu alikuwa ameshasukuma namba moja na kuondoka tena.