Marahaba ya Nguzo

"Basi sema tena," nilimwambia Melkizedeki. "Sema mbele ya mwanangu mwenyewe, ameketi hapo, kwamba yeye ndiye aliyemuua Lazaro."

"Sijasema ameua, Mama Kefa. Nimesema alisikia akanyamaza."

"Alipokuja kusimama mbele yako ulimfanya nini?"

"Nilikuwa na wageni."

"Sikukuuliza ulikuwa na nani."

Melkizedeki alihamisha kofia yake ya chuma kutoka goti moja hadi jingine. Kuanzia Shelui hadi Kiomboi mimi peke yangu ndiye niliyemwita Melkizedeki. Wengine wote walimwita Nguzo. Vijana wa bodaboda walichora picha yake nyuma ya pikipiki zao, kwenye zile plastiki za kuzuia matope: mtu mwenye ovaroli nyekundu, bega la kulia limebeba jabali. Picha haikuongeza chumvi. Lori la alizeti lilipopinduka Misigiri, alilinyanyua kwa bega hilo na kulishikilia mpaka watu watatu wakavutwa chini yake. Machimboni kwa Urbano alikuwa anaingia duarani, yaani ndani ya shimo la wachimbaji, anaweka bega chini ya mwamba mkubwa kama trekta, anasimama nao huku watu wakipita katikati ya miguu yake. Sikumpenda hata siku moja. Ila nilimwamini, na ndiyo maana nilimkabidhi mwanangu.

Mwanangu Kefa husikia ardhi. Akiweka kiganja chini anasikia maji, panya, ufa unaotembea ndani ya mwamba, mtu anayepumua hatua mia tatu kutoka alipo. Alipokuwa na miaka tisa aliniambia kisima chetu kitabomoka. Nikamchapa kwa kutisha watu. Kesho yake asubuhi kisima kikabomoka, ndoo yangu mpya ikiwa ndani.

Alipotimiza miaka kumi na minne Melkizedeki alimchukua awe msaidizi wake. Kefa hakulala wiki nzima kwa furaha. Sasa ana miaka kumi na saba, na kwa miaka mitatu hiyo alichofanya zaidi ni kubeba kofia, kuchota maji na kufua ovaroli. Watoto wa hapa Ulemo wakicheza mchezo wa Nguzo wanapigana nani awe Nguzo. Kefa wanamchagua kwa kura, anayeshindwa ndiye anakuwa Kefa.

Melkizedeki hakumwamini. Kefa akisema kuna ufa, yeye anadondosha kokoto shimoni, anasikiliza, anasema hakuna. Siku moja alimfukia mbuzi kwenye handaki, akamwambia Kefa amtafute. Kefa akaonyesha mahali bila hata kuinama. Melkizedeki akasema, "Umebahatisha." Juma lililofuata akasawazisha udongo mahali pengine ambapo hakufukia kitu, akamwambia atafute tena. Kefa akazunguka kutwa nzima, magoti yakachubuka, jioni akasema, "Baba, hapa hamna kitu." Wachimbaji wakacheka. Melkizedeki akasema, "Kutwa nzima kujua hamna kitu. Na mimi nikupe roho za watu?"

Kefa alirudi nyumbani akaniambia, "Ni haki yake, mama. Ningesema mapema."

Sasa kuhusu salamu, hapo lazima nijiseme na mimi. Kwetu mtoto haanzi jambo na mtu mzima kabla salamu yake haijajibiwa. Shikamoo, marahaba, ndipo useme la kwako. Nilimfundisha Kefa kwa kumfinya sikio. Akiwa na miaka mitano alikuja mbio kuniambia moto umeshika jikoni, nikiwa na mama mkwe wangu. Nikamrudisha mlangoni aanze na shikamoo ya bibi yake. Tukapoteza gunia la mkaa, lakini bibi alimsifu na mimi nikajiona nimelea.

Melkizedeki alilijua hilo akalifanya fimbo. Kefa akimkosea, kofia ikiwa na vumbi au maji yakiwa ya moto, hamuitikii. Anasalimiwa mbele za watu, anatazama pembeni. Mtoto anabaki amesimama, mikono nyuma. Mara moja hili liliendelea siku nne.

Jumanne saa nne na nusu asubuhi Kefa aliweka kiganja chini machimboni akasikia duara la saba linaachia. Matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za shimo, yalikuwa yanalia moja baada ya jingine. Chini walikuwamo watu sita. Mchimbaji wa kwanza ambaye Kefa alimweleza akajibu, "Mwambie Nguzo, sisi tutatoka akisema Nguzo." Basi akakimbia.

Melkizedeki alikuwa kivulini kwa Urbano, mwenye mashimo, na watu wa televisheni kutoka Dodoma. Walikuwa wanakunywa soda. Jana yake Kefa alikuwa amesahau kuanika ovaroli.

"Shikamoo baba."

Melkizedeki akatazama pembeni.

"Baba, shikamoo."

Melkizedeki akaendelea na hadithi ya lori la alizeti.

"Shikamoo, baba."

Mgeni mmoja akasema, "Mzee, kijana anakusalimia." Melkizedeki akacheka. "Mwache huyo. Yuko darasani, anasoma subira."

Kefa akasimama. Mikono nyuma. Chini ya viatu vyake timba la tatu likakatika, la nne likakatika, na yeye amesimama. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini hakupiga kelele tu. Anasema alidhani akikosea adabu tena hataaminiwa kabisa, na asipoaminiwa hakuna atakayetoka. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya mtoto wangu wakati ule, na niliitengeneza mimi na yule mzee kwa ushirikiano.

Saa tano duara likaanguka.

Melkizedeki aliingia, kamera nyuma yake, akatoa watu watano. Nilikuwepo, niliona. Wa tano alipotoka, Melkizedeki alipanda juu, akakaa, akasema imekwisha. Kefa akasema, "Baba, Lazaro yupo kushoto. Anapumua. Anagonga." Safari hii hakungoja salamu. Melkizedeki akadondosha kokoto mbele ya kamera, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Upande wa kushoto hakuna mtu aliye hai." Theresia, mke wa Lazaro, alikuwa pale na khanga kiunoni. Melkizedeki akamwambia, "Nenda nyumbani dada, watu watakuja msibani, kapike."

Theresia akaenda kupika.

Kefa alilala kifudifudi juu ya lile jiwe, kiganja chini, mpaka saa kumi na moja jioni. Kisha akainuka akajifuta. Kijiko cha kuchimbia barabara kilikuja kesho yake na kumtoa Lazaro.

Sasa tulikuwa Alhamisi, sebuleni kwangu. Mazishi saa tisa. Kwetu jeneza halitoki nyumbani mpaka aliyekuwa na marehemu mwisho asimame aeleze kifo kilivyokuja, watu wasikie, asiwepo wa kuja kusema vingine baadaye. Melkizedeki alikuwa amekuja kwangu saa saba na nusu kumwambia Kefa aseme nini.

"Aseme alisikia duara linaachia, akaogopa, hakumwambia mtu," Melkizedeki alisema. "Ni mtoto. Watamfokea wiki moja, watasahau. Mimi wakinipoteza, nani ataingia chini? Kesho Urbano anafungua duara la nane. Watu kumi na wawili wameshajiandikisha kwa sababu mimi nipo."

"Na lile la kushoto?" niliuliza. "Nalo aseme nini? Kwamba alinyamaza?"

Hapo Kefa akasema kwa mara ya kwanza, akitazama sakafu. "Mama, asingeweza."

"Asingeweza nini?"

"Kushoto. Bega lake limepasuka. Ndani. Nalisikia tangu Pasaka, likibeba kitu linalia kama lile timba. Alipomtoa yule wa tano lilikatika."

Nilimtazama Melkizedeki, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyoketi, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Mpaka hapo nilikuwa nadhani anamchukia mwanangu. Alikuwa anamwogopa. Kila Kefa alipoweka kiganja chini, mzee huyu alijua anasikilizwa.

"Umemwambia nani?" Melkizedeki akamuuliza.

"Hakuna, baba."

"Tangu Pasaka?"

"Hakuna mtu. Hata mama."

Melkizedeki akafungua begi aliloliweka miguuni akatoa ovaroli nyekundu, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Akaiweka juu ya meza yangu.

"Sasa nakuamini," alisema. "Kesho unaingia na mimi. Wewe utasikia, mimi nitasimama. Hawahitaji kujua nasimama kwa muda gani."

Nimemzaa Kefa, nimemuuguza surua, nimemwona siku ya kipaimara. Sijawahi kumwona na uso ule. Aliishika ovaroli kwa mikono miwili.

"Mama," alinong'ona, "ameniamini."

"Kwa sababu uliacha mtu afe na ukanyamaza kuhusu bega lake," nilimwambia. "Ndicho alichokuaminia."

"Usimseme mtoto," Melkizedeki akasema.

"Lazaro aligonga mara ngapi, Kefa?"

Vidole vyake vilikuwa bado vinalainisha mikunjo ya kitambaa. "Mama, nitakuwa nasikia mapema. Nitawatoa kabla. Hatahitaji kubeba."

"Wewe ukiwaambia watoke, watatoka? Juzi walisema watatoka akisema Nguzo."

"Sasa atakuwa anasema. Ananiamini."

"Nenda kavae," Melkizedeki alimwambia. "Tusichelewe."

Kefa akaingia chumbani. Nilisikia zipu.

Ningeweza kulia, ningeweza kumwomba. Nilipiga hesabu yangu upesi. Watu kumi na wawili kesho, wa kumi na tatu mwanangu, na juu yao bega lililokatika. Kefa asingekubali kuachana naye, hata ningemfunga kamba. Kitu pekee alichokitaka duniani alikuwa amekishika mkononi, na kilikuwa kinampeleka shimoni. Kukitoa kwa upole kusingewezekana.

"Nachukua khanga," nilimwambia Melkizedeki. "Tutaongozana."

Nilichukua khanga kwenye kamba ya uani, nikazunguka nyumba, nikavuta lango la chuma la mlango wa mbele. La nyuma nilikuwa nimeshalifunga nikipita. Nikatia kufuli, nikaweka funguo kifuani. Madirisha yangu yana nondo.

Melkizedeki alisimama akaja mpaka kwenye lango. "Mama Kefa, unafanya nini?"

"Lifungue."

"Acha utoto."

"Ulinyanyua lori. Lifungue hilo."

Alishika nondo kwa mkono wa kushoto akavuta. Lango likalia kidogo, likatulia. Akaegemeza bega la kulia, kwa mazoea nadhani, na sauti iliyomtoka siwezi kuiandika. Alishuka chini polepole akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Kefa alitokea nyuma yake amevaa nyekundu. Ilimkaa vizuri, kama iliyopimwa.

"Mama, fungua," alisema. "Mama, usiende. Akianguka yeye na mimi sina kitu."

"Najua," nilisema.

"Sitakusamehe."

"Najua, Kefa. Kuna ugali kwenye sufuria."

Kwa Lazaro ni mwendo wa dakika tano. Sikukimbia. Watu walikuwa wamejaa uani, jeneza juu ya meza, Urbano mstari wa mbele na suti. Katekista alikuwa anatazama saa. Aliponiona akauliza, "Kijana wako yuko wapi? Na Nguzo?"

"Hawaji. Nitaeleza mimi."

"Wewe hukuwa na marehemu mwisho."

"Aliyekuwa naye ni mwanangu, na mwanangu nimemfungia ndani. Nitaeleza mimi."

Nikasimama kwenye kichwa cha jeneza. Theresia alikuwa amekaa kwenye mkeka, dada zake wawili wamemshika. Nilifikiria kuomba apelekwe ndani ya nyumba kwanza, kisha nikaona angeambiwa na mtu mwingine kabla ya jua kuzama, na vibaya zaidi. Nikaeleza. Nikaanza na shikamoo tatu zisizojibiwa, na nikasema ni nani aliyemfundisha mtoto kuzingoja. Nikasema matimba yalivyokatika na yeye amesimama. Nikasema bega lilivyokatika.

"Lazaro hakufa saa tano," nilisema. "Alikufa saa kumi na moja jioni. Alikuwa anagonga. Nguzo alijua kuna mtu, hakuweza kunyanyua, akaona aibu kusema mbele ya kamera. Mwanangu naye alijua bega limekatika, akakaa kimya ili apendwe."

Theresia alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Saa kumi na moja nilikuwa napakua wali," alisema.

Urbano akasimama. "Huyu mama anatukana mtu aliyeokoa wilaya nzima. Ushahidi uko wapi?"

Nilitoa funguo kifuani nikaziweka mkononi mwake.

"Yuko sebuleni kwangu," nilimwambia. "Ameshindwa kufungua lango la chuma lenye kufuli ya elfu nne. Nenda kamfungulie, halafu kesho umpeleke duara la nane."

Urbano hakutembea. Wachimbaji ndio waliotembea. Wa kwanza alikuwa yule wa tano aliyeokolewa, kichwa kimefungwa bandeji. Alichukua funguo kutoka kiganjani mwa Urbano bila kumwangalia, akashika njia ya kwangu, na wengine wakamfuata.