Jiwe la Damaris

Ulitazama simu. Usiniambie hukusikia, nilikaa nyuma yako ukumbini nikakuona ukitafuta matokeo ya mpira, huku Daktari Onyiego, mkuu wetu, akitueleza jinsi "alivyobuni" jiwe.

Mimi sisahau. Miaka miwili Damaris Nyangate, fundi wa maabara yetu, mzaliwa wa Manga, amekuwa akiotesha oksidi ya zinki: vijiti vyembamba kuliko unywele mara elfu. Hupaka mbegu za oksidi hiyo kwenye kipande cha kioo, akakilaza kifudifudi ndani ya bika, gilasi ya maabara, yenye maji ya chumvi ya zinki, nyuzi tisini, saa nne. Stima ikipotea, maji yanapoa na vijiti vinaota na kasoro. Ukivimulika vinatoa kijani badala ya zambarau. Na hapa kwetu, mvua ikinyesha tu, stima imeenda!

Siku moja akaleta jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, lililochongwa shimo la kutosha bika.

"Dada, hilo ni la maabara ama unawachongea watalii kiboko?" Onyiego akamtania.

"Cheka tu, Daktari. Hili likishika joto haliachi haraka."

Stima ikapotea dakika arobaini, bika ikiwa ndani ya jiwe, na maji hayakupoa. Vijiti vikaota wima hivyo hivyo. Vilipomulikwa vikang'aa zambarau. Akaviweka kwenye chupa iliyofyonzwa hewa, akaweka umeme kiasi, elektroni zikachomoka kwenye ncha na skrini ikawaka nukta nukta. Onyiego akapiga meza. "Damaris, kwenye makala jina lako litatangulia langu!" Nilisikia kwa masikio yangu.

Makala imetoka na jina moja. La nani? Unajua.

Pale ukumbini mgeni aliuliza kwa nini sampuli za mwanzo zilikuwa kijani. Onyiego akakohoa, akasema ni rangi ya kioo. Damaris akasimama: "Si kioo, Daktari. Ni kasoro za vijiti vyenyewe, maji yalipoa—"

"Fundi, wageni hawajapata chai."

Watu wakacheka. Na wewe ukacheka.

Kesho kamati ya utafiti inaamua kama jina lake litaingia kwenye makala. Inataka mashahidi watatu walioona nani alilileta jiwe. Mpaka sasa ni mimi pekee. Lakini wewe na Sadiq ndio mliolishusha kwenye boda boda, Damaris akiwaambia, "Polepole, nimelichonga wiki nzima." Ofisi ya katibu wake inafungwa leo saa kumi. Mchukue Sadiq, nendeni sasa hivi, mwandike mlichoona, mtie sahihi.