Kigae Kilichochaguliwa

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimeketi kwenye kiti cha Bwana Mbarouk, mbele ya mashine niliyoiunda mwenyewe.

Bwana Mbarouk amepooza na sauti imempotea. Mashine hufuata macho: ukilitazama neno kwa sekunde mbili, inakusemea. Maelekezo yake niliyarekodi kwa sauti ya Bi Zawena, mama mkwe wake, maana mtaani hakuna anayetamka vizuri kama yeye. Tumejaribu mara tatu, na mara zote mgonjwa ameangalia sakafu tu. Leo ndiyo mara ya mwisho. Akishindwa, mashine inarudi stoo naye anabaki bubu, na roho inaniuma.

Basi, ndotoni mashine imejifunga kanga.

"Nitazame usoni, mwanangu," inasema kwa sauti ya Bi Zawena.

"Shikamoo, mama." Macho yangu yanashuka yenyewe.

"Marahaba. Umechagua sakafu."

Kigae kimoja kinainuka, kinajipangusa vumbi. "Abee! Miaka yote nakanyagwa, leo nimechaguliwa."

"Nilikuwa natoa heshima tu."

"Wote husema hivyo," kinajibu, na tayari kimepakwa hina.

Mara tuko ukumbini, pilau inanukia. Sheikh ananiuliza kama nimekubali kukioa kigae. Neno NDIYO limeandikwa sakafuni. HAPANA limeandikwa kwenye paji la uso la Bi Zawena, ambaye sasa ni mkwe wangu.

Nayasihi macho yangu yapande. Jicho la kulia linagoma.

"Tumkodolee mkwe sekunde mbili nzima? Wewe umelelewa wapi?"

"Nitaozwa sakafu!"

"Bora uozwe," linasema la kushoto. "Aibu hiyo hatuiwezi."

"Umechagua ndiyo," inatangaza mashine. Vigelegele vinapigwa.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaamka nikitokwa jasho. Bwana Mbarouk hakuwa ameshindwa. Alikuwa na adabu zake.

Nikampigia simu Tatu, mke wake. "Dada, njoo mapema leo, turekodi kwa sauti yako. Mumeo hawezi kumwinulia macho mkwe wake."

Tatu aliangua kicheko kilichochanganyika na kilio. "Ewe fundi! Mimi ananikodolea tangu asubuhi mpaka jioni!"

Nikateremsha miguu kitandani kwa furaha, nikairudisha upesi. Kigae kimoja chini kilikuwa na maua ya hina, bado mbichi.

Nikakizunguka taratibu. Mke hakanyagwi.