Diski Iliyojaa Ingali Wazi

Kwa mara ya tatu katika siku tatu, kompyuta ilimwambia Mwinshehe kwamba nafasi imekwisha. Akapima, na kwa mara ya tatu akakuta robo tatu ya diski iko wazi. Akaandika kwenye daftari lake: saa saba na dakika kumi.

Diski hiyo haikuwa kitu cha kushika. Aliitenga ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya kompyuta kubwa ya mtumba, kwa amri moja tu ya Linux, mfumo unaoiendesha, kwa kuwa diski halisi ilikuwa ya polepole mno kwa kazi ile. Ubaya wake, kompyuta ikizimwa, kilichomo hupotea chote. Kazi ya kutwa ilihamishiwa diski halisi kila magharibi. Mara mbili alikuwa ameizima mchana ili ipone, na kazi ya kutwa ikaenda na maji.

Kazi yenyewe ilikuwa kitabu cha hotuba kilichoandikwa kwa mkono na babu yake Bi Mwanahija, aliyewaazima kwa siku tatu. Picha za kurasa zilikatwa neno moja moja ili kompyuta izisome. Wino ulikuwa umefifia, hivyo neno lililotia shaka, Mwalimu Sihaba, anayefundisha chuo cha Kurani mtaa wa pili, alilitazama kwenye kitabu chenyewe. Na kitabu kilikuwa kinaondoka leo alasiri, kwenda Pangani kwa nduguze Bi Mwanahija. Zilibaki kurasa arobaini.

"Si uizime tu, fundi," alisema Sihaba. "Jana ilipona."

"Haikupona, mwalimu. Ilisahau."

Akapitia kumbukumbu za makosa, hakuna kitu. Akatafuta mafaili yaliyofutwa ambayo programu bado imeyang'ang'ania, hakuna. Akapima RAM, bado ilikuwapo tele. Chai yake ilikuwa imepoa zamani; akainywa hivyo hivyo.

Ilikuwa saa tisa kasoro alipouliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza: si ukubwa uliotumika, bali idadi ya mafaili. Kila faili, hata likiwa na nukta moja, huchukua namba yake, na namba za diski ile zilikuwa elfu ishirini. Kikomo hicho alikiweka mwenyewe, kwa kunakili amri ya kompyuta yake ndogo ya zamani bila kuisoma hadi mwisho. Namba zote zilikuwa zimekwisha. Nyingi zilikuwa kwenye folda moja, jina lake Amana.

Akamuuliza Sihaba, kwa upole, maana yeye ndiye aliyepewa kazi ya kufuta vipande vya maneno vilivyokwisha kusomwa, kila kimoja faili lake.

Sihaba hakuficha. Kila ukurasa ulikuwa na aya ya Kurani, au jina la Mola. Karatasi ya namna hiyo haitupwi jalalani. Huwekwa, mpaka izikwe mahali safi. Basi aliviweka vyote humo, kila siku.

"Na vya juzi na jana viko wapi?" akauliza Sihaba, kisha akaitazama swichi ya ukutani, akaelewa kabla hajajibiwa. "Vimepotea mara mbili?"

"Mara mbili. Na ni mimi niliyezima."

Hakumlaumu, na Sihaba naye hakumlaumu. Mwinshehe akaongeza kikomo bila kuzima chochote wala kufuta kipande kimoja. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Maneno yakaanza kumiminika.

Walikuwa wamemaliza kurasa kumi na mbili Bi Mwanahija alipobisha hodi. Wakamwamkia, akaitikia marahaba, akatandika kitambaa mezani tayari kukifunga kitabu. Mwinshehe akamwomba saa moja tu.

"Mwanangu, mliniomba siku tatu, nikawapa tatu," alisema. "Huko wameshakaa kunisubiri, na gari haliningoji."

Akakifunga, akaaga vizuri, akatoka. Kompyuta ikaendelea kuuliza, neno baada ya neno: hili ni nini? Sihaba alikuwa ameweka kidole mezani, pale kitabu kilipokuwa.

"Andika 'neno la shaka'," alisema Mwinshehe. "Ukurasa wa kumi na tatu, mstari wa pili. Endelea."