Mpokea Vipigo

Perlita Abrenica alikuwa jikoni kwake Mandaue, sahani ya wali na samaki wakavu kando ya kompyuta, akimpiga kalamu kwa simu ya video mhasibu wa Bacolod aitwaye Boyet Manlapig. Kampuni yao haikuwa na ofisi. Kila mtu alifanyia kazi nyumbani kwake, katika visiwa na nchi mbalimbali, na Perlita, mkurugenzi wa uendeshaji, hakuwahi kumshika mkono hata mmoja wao. Kampuni ilikua kwa kasi, na kadiri ilivyokua ndivyo ilivyopunguza watu.

"Si wewe, Boyet. Ni mabadiliko ya muundo."

"Madam, mke wangu yuko karibu kujifungua. Nisubirini kidogo tu."

"Nakuelewa sana."

Boyet akanyoosha mkono. Ukatoka kwenye kioo cha kompyuta mpaka begani, ukamzaba Perlita kofi, kisha ukakunja ngumi na kumvunja pua. Halafu ukarudi ulikotoka. Damu ikachuruzikia kwenye wali.

Mumewe, Isko, aliacha kuosha vyombo akamletea barafu kwenye kitambaa.

"Watu wa Bacolod wanasifika kwa upole," alisema. "Huyu umemuudhi kweli."

"Nilimwambia namwelewa."

"Basi hapo ndipo ulipoharibu."

Mikono mingine ikafuata. Mwanamke wa Surabaya alimng'oa nywele pamoja na ngozi. Kijana wa Da Nang alimkaba koo hadi mtandao ulipokatika. Maumivu Perlita aliyavumilia. Kilichomsumbua ni kwamba sasa alianza kuwajua watu: huyu mkono wake ulinuka siki, yule ulikuwa na poda ya mtoto mchanga. Zamani walikuwa majina tu. Akawa hali chakula vizuri.

Alimweleza mkuu wao, Desmond Koh, aliyekuwa Singapore.

"Wanakupiga kabla au baada ya kuwaambia?" Koh aliuliza.

"Baada."

"Bado inatuchelewesha. Tafuta mtu wa kupigwa."

Tangazo likatoka, na walioomba walikuwa wengi kupita kiasi. Perlita alimpenda Nenita Lagrosas wa Catbalogan, mwalimu wa zamani, mama mwenye mifupa mipana.

"Matibabu yamo, Madam?"

"Baada ya kipindi cha majaribio."

"Na meno?"

"Meno hayamo."

Nenita akacheka. "Haya. Nimefundisha darasa la kwanza, kung'atwa nimezoea."

Kazi aliiweza. Aliwaaga watu badala ya Perlita, kwa sauti ya darasani, akapigwa, akafuta damu, akamwita mwingine. Jicho moja likaziba kabisa. Taya likapinda. Mtu mmoja wa Penang alikuja na nyundo, akamvunja mabega. Siku iliyofuata Nenita alipumzika bila malipo. Pua ya Perlita ikapona, naye akapandishwa cheo.

Kisha Koh akapata watu wa kupigwa wa bei nafuu zaidi, nchi nyingine. Perlita alitaka kumwambia Nenita mwenyewe. Aliona huo ndio utu.

"Nenita, dada yangu, tumefika mwisho."

Nyuma ya Nenita jogoo aliwika, mtu akamtupia kitu.

"Niliwakopea watoto ada, Madam. Nilijua nipo kazini."

"Najua. Nipige." Perlita akasogeza uso karibu na kioo, akafumba macho. "Nipige, tafadhali."

Kofi halikuja. Alipofumbua macho alimwona Nenita akihangaika. Bega la kulia lilipanda kidogo, likakwama pale lilipounganika vibaya. Akajaribu la kushoto. Vidole vilifika kwenye kioo, vikakigusa kwa ndani, vikateleza chini.

"Samahani, Madam. Mikono imekataa."

"Haina neno."

"Labda kesho, nikishakanda kwa maji moto?"

"Kesho utakuwa umeshafungiwa mtandao wa kampuni, Nenita."

"Aa. Kweli."

Perlita akamshukuru, akamfungia, akaingia kwenye kikao kilichofuata. Nyuso kutoka kila nchi zilikuwa zimejaa kwenye kioo, na Koh alikuwa akitangaza kwamba kampuni imekua maradufu. Watu wote walikuwa wakipiga makofi. Perlita naye akapiga.